Kuku Walikunywa Dawa Yangu, Hawakufa

Mteja alikuwa bado anabishana nami juu ya samaki wakati koo langu lilipoanza kujifunga.

"Huyu ngege amelala," alikuwa anasema, huku akimgeuzageuza kwa kidole kimoja kama mtu aliyetumwa kukagua mchumba. "Angalia macho. Haya ni macho ya jana."

Nilitaka kumjibu. Mimi huwa sikosi jibu, soko lote la Suna linajua. Lakini ulimi ulikuwa umenijaa mdomoni, mnene kama ule wa ng'ombe unaoning'inizwa buchari, na hewa iliyokuwa inapita ilikuwa inapita kwa mluzi. Viganja viliwasha kama nimeshika upupu. Macho yalivimba mpaka nikawa namwona yule mama kama namchungulia kwenye ufa wa mlango. Nikashika meza.

"Sasa unaninyamazia?" akasema. "Haya, baki na samaki wako."

Akaenda. Nilikuwa nakufa na mtu amenikasirikia kwamba nina maringo.

Aliyegeuka kuniangalia ni mama wa Kikuria anayeuza ndizi meza ya pili. Mimi na yeye tumegombana miaka mingi juu ya mahali pa kumwaga maji ya samaki. Aliniangalia mara moja tu, akaacha ndizi zake wazi.

"Huyu mama anakufa," akawaambia waliokuwa karibu. "Nyinyi mnanunua tu na mama anakufa."

Akaniinua akanipakia kwenye bodaboda, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia kwa sababu mikono yangu ilikuwa haishiki tena. Njia yote alikuwa ananisemea sikioni. "Usilale. Ukilala nitamwagiwa maji na nani? Usilale, wewe mama mbaya." Kitambaa changu cha kichwa kilianguka, hakuna aliyesimama kukiokota. Hospitali walinidunga sindano ya paja juu ya nguo, hawakungoja kunivua. Hewa ikarudi. Baadaye daktari aliniambia tungechelewa kidogo tu ningekuwa nimeenda. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwepo.

Yote hayo yaliletwa na kidonge kimoja. Cheupe. Nilikimeza na chai.

Watu wananiambia nishukuru Mungu. Nimeshukuru. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, wakapiga makofi, wakaimba. Lakini Mungu si yeye aliyeniuzia kile kidonge. Aliyeniuzia ana duka, na duka lake lilifunguliwa asubuhi ya leo kama kawaida.

Ngoja nirudi nyuma, ili mtu asiseme naropoka.

Nilizaliwa Kosele, nikaolewa upande wa Ndhiwa. Kazi yangu ni samaki. Nawachukua ufuoni huko Homa Bay, nawaleta Suna, nauza mpaka mwisho, narudi nyumbani na ndoo tupu na harufu. Kila mwanamke wa kazi hii mikono yake ina matundu. Ngege ana miiba mgongoni, na hata akishakufa bado anapigana. Anakuchoma, unanyonya damu, unatema, unaendelea kupanga samaki.

Kidonda kikivimba, huko ufuoni dawa ni moja. Unafungua kapsuli ya rangi mbili, unamwaga ule unga juu ya kidonda, unafunga kitambaa. Hakuna anayekuambia inaitwaje. Ni rangi mbili, basi. Ukiwa na kikohozi, rangi mbili. Tumbo likikata, rangi mbili. Mwanamke akiwa na aibu ya kusema anaumwa wapi, rangi mbili. Wanawake wa ufuoni wanazifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa, na mwenzako akichomwa unamgawia moja kama unavyogawa peremende.

Mimi sikuwa nagawiwa. Mimi na dawa hiyo tulishakosana zamani.

Tulikosana nilipozaa kitinda mimba wangu. Nilikuwa na homa ya uzazi, wakanipa kapsuli katika kituo kimoja cha afya, nyekundu upande huu, nyeusi upande ule. Nilipomeza ya kwanza nikawashwa. Nilipomeza ya pili mwili wote ukatoka mabaka kama nimelala kwenye siafu, midomo ikavimba mpaka mtoto akakataa uso wangu. Muuguzi alikuja, akaniangalia, akazichukua zile kapsuli mkononi mwangu.

"Mama, mwili wako unaikataa hii dawa," akasema. "Usiwahi kuimeza tena maisha yako yote. Umenisikia?"

Nilimsikia. Hii. Hakusema hii ni nini. Hakuandika mahali. Alizitia mfukoni mwa aproni yake akaenda kwa mgonjwa mwingine, na mimi nikabaki na kitu kimoja tu ambacho macho yangu yalikuwa yameona: nyekundu na nyeusi. Kwa hiyo nikakaa nacho. Miaka yote hiyo nilikuwa naambia kila mtu, mimi sili nyekundu na nyeusi. Nilifikiri nimejikinga. Kumbe nilikuwa nimekariri shati la mwizi, na mwizi ana mashati mengi.

Huyo muuguzi ni wa kwanza kwenye orodha ya ninaowalaumu. Najua alikuwa amechoka, wodi ilikuwa imejaa. Mimi pia nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimetoka kuzaa. Neno moja lingemchukua muda gani?

Sasa huu mwaka, kabla ya mvua, ngege alinichoma kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, karibu na kifundo. Nilinyonya, nikatema. Kufika kesho yake kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi ya kuchoma, na joto linapanda mkononi mpaka kwapani. Mama mkwe wangu akaniambia niweke majivu. Nikaweka. Mume wangu akaniambia nimeze kile kilichobaki kwenye mfuko wa dawa. Nyumbani kwetu kuna mfuko wa plastiki unaoning'inia kwenye msumari karibu na mlango, ndani yake mna mabaki ya kila mtu aliyewahi kuumwa. Mtu akipata nafuu anaacha kumeza, zilizobaki zinatiwa mfukoni zingojee ugonjwa unaofuata. Nilichungulia nikaona kuna nyekundu na nyeusi, nikafunga mfuko. Nikaenda hospitali.

Daktari niliyempata huko alikuwa mtu mzima, haraka hana. Alibonyeza kidole nikaruka.

"Kuna dawa yoyote inayokukataa?" akauliza.

Nilifurahi kuulizwa. "Iko," nikamwambia. "Ile ya rangi mbili. Nyekundu na nyeusi."

Akaacha kuandika. "Mama, nyekundu na nyeusi ziko nyingi. Inaitwaje?"

"Hawakuniambia."

Akatikisa kichwa, lakini hakunicheka. Akaniandikia dawa nyingine, akasema hii ni ya ukoo tofauti kabisa na zile anazozishuku. Akanieleza kama anayeongea na mtu mwenye akili: meza kwa saa zilizoandikwa, usiruke, usiache hata uvimbe ukiisha, usimgawie mtu, usiweke akiba. Ukiona vipele au pumzi inakuwa fupi, acha na ukimbie hapa. Halafu akagonga ile karatasi kwa kalamu. "Ukikosa hii, usikubali nyingine. Rudi kwangu nikubadilishie mimi."

Yeye simlaumu, ila dirisha la dawa la hospitali hiyo lilikuwa halina alichoandika. Waliniambia nikanunue nje. Hospitali inakupa ushauri wa bure na inakutuma dukani kwa dawa. Ni kama kukufundisha kupika halafu unaambiwa unga utafute mwenyewe. Walioliacha dirisha hilo tupu nao nawataja, hata kama siwajui sura.

Nikaenda Suna, kwa sababu samaki wangu walikuwa Suna. Hapo karibu na soko kuna kemisti moja yenye vioo safi, na ukutani kuna cheti ndani ya fremu, na picha ya mtu mwenye tai. Nyuma ya kaunta hakuwa mtu wa kwenye picha. Alikuwa jamaa mwingine aliyevaa koti jeupe. Sisi huku, mtu yeyote aliyesimama nyuma ya kaunta ya dawa tunamwita daktari. Wao wanajua, na hawajawahi kutusahihisha.

"Daktari, nina karatasi," nikamwambia.

Akaisoma. "Hii haiko."

"Basi narudi hospitali. Nimeambiwa nisikubali nyingine."

"Na nani?"

"Daktari."

"Yeye yuko wapi?" Akatazama nyuma yangu kama anamtafuta. "Mimi ndiye niko hapa. Mama, huo mkono unaoza. Utarudi hospitali upange laini mpaka jioni? Nakupa kitu kali kuliko hii. Antibayotiki ni antibayotiki."

"Mimi kuna dawa inanikataa."

"Gani?"

"Ile ya rangi mbili. Nyekundu na nyeusi."

Akacheka, na mwanamke aliyekuwa amesimama kando yangu akinunua panadoli naye akacheka. Jamaa akafungua kopo kubwa, akamwaga vidonge kiganjani, akaniletea karibu na uso. Vyeupe vyote, virefu, vinang'aa.

"Mama samaki, wewe unajua rangi. Unaona nyekundu hapa? Unaona nyeusi?"

"Sioni."

"Basi sasa unaogopa nini?"

Watu wananiuliza mbona sikurudi hospitali. Wanaouliza ni watu ambao hawajawahi kuwa na samaki mezani juani na mkono unaopiga kama ngoma. Nilimwambia mwenye kazi ya dawa kwamba nina dawa inayonikataa. Nilimwambia kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Kazi ya kujua kwamba dawa moja huvaa koti jekundu na jeusi hapa, na koti jeupe pale, haikuwa yangu. Ilikuwa yake, ndiyo maana koti alikuwa amevaa yeye.

Akahesabu vidonge akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki. Juu yake akachora mistari kwa kalamu, asubuhi na jioni. Hakuandika jina. Karatasi ya daktari aliikunja akaitupa chini ya kaunta.

Nilirudi mezani kwangu, nikaagiza chai, nikameza. Mengine nimeshayasema.

Sasa nisikilizeni kuhusu kuku.

Nilipopelekwa hospitali, yule mama wa ndizi alikusanya vitu vyangu, akatuma kikapu kwetu na gari la jioni. Ndani ya kikapu mlikuwa na bahasha. Kikapu kilifika nyumbani kabla yangu, na mama mkwe akakipekua. Kuku wake walikuwa wanasinzia siku hizo, mabawa chini, wanne walikuwa wameshakufa. Huku kwetu kuku wakisinzia watu huwatilia dawa ya binadamu kwenye maji. Akavitwanga vidonge vyangu vyote na jiwe la kusagia, akakoroga, akawawekea.

Kesho yake daktari aliyeniokoa alikuja kitandani. "Hiyo dawa uliyomeza, naitaka," akasema. "Kidonge kimoja tu kinatosha. Huwa kina alama zake, nitaitambua." Mume wangu akatumwa nyumbani. Akarudi na bahasha tupu.

"Vidonge viko wapi?" daktari akauliza.

Mume wangu akaangalia dirisha. "Kuku walikunywa."

Daktari aliigeuza bahasha, akaikung'uta kiganjani. Nafikiri alikuwa anazuia kicheko au matusi.

Niliporuhusiwa nilimkuta mama mkwe amekaa mlangoni anachambua omena. Sisi tulioolewa wanatuita kwa jina la kwetu, mimi ni Nyar Kosele, binti wa Kosele.

"Nyar Kosele, umerudi," akasema. "Umekonda shingo."

"Mama, ile dawa yangu."

"Dawa mtu anatupa? Wewe ulikuwa hospitali, huko dawa zimejaa. Kuku wana hospitali gani?"

"Ilitaka kuniua."

"Yawa," akasema, akaendelea na omena zake. "Mbona wao hawakufa?"

Wako hapo mpaka leo. Jogoo anapanda juu ya banda anawika, manyoya yanang'aa. Sokoni hadithi ilifika siku hiyo hiyo, ikageuka kichekesho. Sasa mteja akitaka kunichokoza ananiuliza, "Mama kuku, leo umemeza nini?" Mama mkwe naye yumo kwenye orodha yangu. Ni mzee, hajui kusoma, lakini mkono uliotwanga ulikuwa wake, na kitu alichotwanga ndicho kilichokuwa shahidi wangu.

Hii si hadithi ya kuku. Ni hadithi ya kidole. Kidole hakikupona. Nilipokuwa napigania pumzi usaha ulikuwa unaendelea na kazi yake, na sasa umefika kwenye mfupa. Kila siku nafungua kitambaa na kinavuja. Daktari aliyeniokoa anasema lazima wakate ndani wasafishe, na baada ya hapo nimeze antibayotiki muda mrefu. Nikamwambia haya, nipe.

"Nipe jina kwanza," akaniambia. "Nashuku ilikuwa ya ukoo wa penisilini. Kama ni hiyo, nafunga mlango huo na najua mingine iliyo wazi. Lakini uliuziwa vidonge kutoka kwenye kopo, na mimi siwezi kukuapia. Bila jina nafunga kila mlango ninaoushuku, na ile dawa nzuri kwa mfupa inaweza kuwa nyuma ya mmoja. Nikikosea, safari hii unaweza usifike hapa."

"Na nikikaa hivi hivi?"

"Tutakata kidole. Tukichelewa, mkono."

Mkono wa kulia. Ule unaopara magamba.

Nikarudi kemisti. Jamaa wa koti jeupe hakuwepo, alikuwepo mwingine, koti lile lile. Na siku hiyo, bahati yangu, mwenye duka mwenyewe alikuwa amekuja kuchukua mauzo. Nilimjua kutoka kwenye picha, ingawa kwenye picha hana tumbo.

"Daktari," nikamwambia, "nataka kujua mliniuzia nini."

"Lini, mama?"

"Siku nilipotaka kufa hapo sokoni."

"Risiti iko?"

"Mlinichorea mistari kwenye bahasha. Risiti mnapeana siku gani?"

Akaiangalia bahasha bila kuishika. "Hizi bahasha ziko kila duka."

"Jamaa aliyeniuzia yuko wapi?"

"Jamaa gani? Dawa hapa natoa na kuuza mwenyewe. Cheti hicho hapo."

Mama aliyekuwa ananunua dawa ya kikohozi akakohoa kicheko. Suna nzima inajua mtu huyo huonekana hapo jioni, tena kwa haraka.

"Sikuja kudai pesa," nikamwambia. "Sikuja na polisi. Lile kopo lilikuwa hapo kwenye rafu ya pili. Niambie tu lilikuwa limeandikwa nini. Nakaribia kukatwa mkono."

Nilimwona akifikiri. Nilimwona akilipima lile jina ulimini, kwamba akilitaja amekubali kwamba alikuwepo mtu, na mtu huyo hakuwa yeye, na cheti ukutani kinamlinda mtu asiye na cheti. Halafu akanitazama vizuri, akatabasamu.

"Si wewe ndiye mama wa kuku? Kuku walikunywa hiyo dawa wakapona. Sasa mama, shida ni dawa ama ni wewe?"

Wote dukani wakacheka. Mimi nikatoka.

Nimeambiwa kuna ofisi ya watu wanaokagua maduka ya dawa. Nimeenda. Nikaulizwa dawa inaitwaje. Nikawaambia hilo ndilo ninalolitafuta. Wakasema nikilipata nirudi.

Kwa hiyo nauliza hapa, mbele yenu, mahali ambapo mwenye duka hawezi kucheka akanitoa mlangoni. Wewe ambaye picha yako ina tai, ambaye unakodisha jina lako ukutani na kuliogopa jina la dawa mdomoni. Sitaki samahani yako. Siku ya kukatwa mkono imeshapangwa, na daktari anasema bado nina muda mdogo wa kumletea jibu. Ulikuwa na kopo kwenye rafu yako ya pili, vidonge vyeupe, virefu, vinavyong'aa. Wewe unakijua kilichoandikwa juu yake, na mtu wako anakijua. Mkono wangu bado uko, njoo uuone kabla haujaenda. Lile kopo lilikuwa la dawa gani? Nijibu.